Sura ya Tano: Tairi Lililolika kwa Ndani

Kisiki alipofika gereji, fundi alikuwa hana tena meno ya mbele.

Walikuwa wamemtoa chini ya gari kwa kumburura miguu, wakamlaza kifudifudi kwenye sakafu iliyolowa oili. Jamaa mmoja mnene alikuwa amemkalia mgongoni. Mwingine amemkanyaga kiwiko ili mkono usicheze. Na mzee wa mvi, aliyevaa koti jeusi lenye udongo wa makaburini kwenye mapindo, aliinua spana ndefu ya kufungulia magurudumu akaishusha kwa nguvu zake zote juu ya vidole vya fundi. Vidole viliitika kama vijiti vikavu. Fundi alifumbua kinywa, lakini badala ya sauti ikatoka damu.

"Umemuua mwanangu," mzee alisema. Hakupiga kelele. Aliinua spana tena.

Kisiki hakupoteza pumzi kuwakanya watu ambao masikio yao yalikwisha kuziba. Alichomoa bastola, akaielekeza kwenye rundo la matairi mabovu pembeni, akafyatua. Mlio ule, ndani ya kuta za bati, uliwapiga wote kofi. Jamaa mnene aliruka kutoka mgongoni mwa fundi kama aliyekalia kaa la moto.

"Inayofuata siipigi kwenye tairi," alisema Kisiki. "Mzee, weka hiyo spana chini."

"Mwanangu, wewe hujui huyu mtu kanifanya nini."

"Najua. Pole sana kwa msiba, mzee wangu. Iweke chini."

Spana ikaanguka, ikalia juu ya saruji.

Jina la Kisiki alitungiwa na wahalifu wenyewe: ukimkimbilia unajikwaa, ukimsukuma hasogei. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, inspekta wa upelelezi aliyeanzia kitengo cha ajali za barabarani. Huko alilala chini ya magari mengi yaliyoua watu, akiyachunguza moja moja yaliuaje. Nyuma yake alisimama konstebo wake, mtu mzima mwembamba anayekaribia kustaafu, ambaye kituo kizima kilimwita Msumari.

Waliojaa pale gereji walikuwa ndugu na majirani, wametoka makaburini moja kwa moja bila hata kunawa mikono. Mbele yao alisimama mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, ameshika kidumu cha petroli. Alikuwa mkwe wa yule mzee, mume wa binti yake. Watu walimwita Laini kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Afande," alisema kwa upole, "huyu ndiye aliyemuua shemeji yangu. Alikata springi kulishusha gari lake chini, akayaharibu magurudumu. Mke wangu yuko wodini, amevunjikavunjika. Tuachie sisi hapa, usijichoshe."

"Na hicho kidumu ni cha nini?"

"Gereji ni chafu. Tulitaka kuisafisha."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Laini alikitua kidumu chini taratibu, kama anayemwekea mgeni glasi ya maji.

Kisiki aliwapitishia macho wote, akaishia kwa mzee. "Nimeona nani kafanya nini hapa, na nitarudi. Sasa nipisheni. Mtu akifa mikononi mwenu leo, mtakuwa na msiba wa pili, na wa kwanza hamtapata nafasi ya kuulilia."

Wakapisha. Msumari na Kisiki wakambeba fundi, mmoja kwapani mwingine miguuni, mkono wake wa kulia ukining'inia kama glavu iliyojaa maji.

*

Walipomwacha fundi kwa madaktari, Kisiki hakwenda ofisini. Alizunguka nyuma ya kituo, kwenye uwanja wa magari yaliyokamatwa, akavuta turubai lililofunika gari la marehemu.

Marehemu aliitwa Pande, kwa kuwa alikuwa kweli pande la mtu. Juzi alikuwa akimpeleka mdogo wake wa kike, mke wa Laini, kwa shangazi yao katika mji wa mbali. Kwenye kona ya barabara kuu tairi la mbele kushoto lilipasuka. Gari lilivuka upande wa pili, likaupiga ukuta wa daraja, likabiringika. Usukani ulimwingia Pande kifuani. Waokoaji walipokata mabati kumtoa dada mtu, walimkuta bado amemshika kaka yake mkono, na ule mkono ulikwisha kupoa.

Ripoti ya askari wa barabarani ilikuwa fupi: gari lilishushwa, magurudumu yakainama, tairi likalika upande wa ndani hadi likapasuka, kosa ni la fundi. Asubuhi ile ile Kisiki alikuwa amebakiza kuitia saini tu.

"Mbona wamesema kweli, afande?" Msumari aliinama kando ya gurudumu lililopasuka. "Tazama. Kwa nje tairi zuri, kashata za mpira bado zimejaa. Kwa ndani kipara, mpaka waya zimetoka. Gari likishushwa, magurudumu hulala, juu yanaingia ndani. Usipopima alaimenti upya, ukayanyoosha magurudumu, tairi linatembelea ukingo mmoja tu. Mwenyewe akisimama akalitazama anaona zima, kumbe kwa ndani limekwisha."

"Sawa kabisa." Kisiki alikuwa amejilaza chali juu ya gunia, mkono ameuingiza nyuma ya gurudumu la mbele la kulia, lile lililosalimika. "Sasa lete mkono wako hapa. Papasa kutoka nje kwenda ndani, halafu rudi."

Msumari alipapasa. "Hakuna kitu. Limelika sawasawa, kidogo kidogo, kote."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi."

"Papasa la kushoto. Angalia waya zisikuchane."

Msumari alipapasa, akauvuta mkono haraka. "Kwenda ni sawa. Kurudi linakwaruza kama msumeno."

"Eeh. Meno hayo hayaletwi na gurudumu kuinama. Yanaletwa na gurudumu linalotaka kwenda upande huku gari linaliburura mbele. Na magurudumu ya mbele yameunganishwa na usukani mmoja, Msumari. Kosa la uelekeo wanagawana. Hili litazidi kidogo, lile litapungua kidogo. Hutakuta moja limetafunwa hadi mifupani na mwenzake hajaguswa hata ngozi."

Msumari alikuna kidevu. "Unataka kusema nini?"

"Gari hili lilipimwa alaimenti, na lilipimwa vizuri. Tairi hili halikulikia hapa. Limekuja likiwa hivi."

Aliomba tochi, akaisogeza karibu na mpasuko. Alizifuata waya moja moja, kisha akamwita Msumari kwa kidole.

"Waya ikichoka inakatika yenyewe, moja leo, nyingine kesho. Ncha zake hupauka, nyingine hushika kutu. Ziangalie hizi za katikati."

Zilikuwa zimekatika kwa mstari mmoja ulionyooka, na ncha zake ziling'aa kama mpya.

"Kisu?"

"Kisu hakiwezi. Msumeno wa chuma. Mtu alichukua tairi lililokwisha kufa nusu, akalisaidia kidogo." Alizima tochi. "Kuna kingine. Magurudumu mengine yote ya gari hili yana doa la rangi ya njano kwa ndani, karibu na risasi za balansi, vile vipande vya kusawazisha gurudumu. Hili halina."

Msumari alilitazama gari lile lililopondeka kama anayeliona mara ya kwanza. Juu ya kiti cha mbele cha kushoto kulikuwa na kiatu cha kike, kimoja, kimejaa vioo.

"Kwa hiyo si ajali," alisema.

"Si ajali. Na yule tuliyemwokota pale gereji hakumuua mtu."

*

Fundi alikuwa macho, taya limefungwa bandeji, mkono umeviringishwa mpaka ukawa kama mto. Maneno yalimtoka kwa shida, yakipita kwenye nafasi ya meno.

Kisiki alivuta kiti. "Siku moja kabla ya ajali mligombana na marehemu, mbele ya wateja. Wanasema ulimwambia aende akafe."

"Nilimwambia akafie mbele." Fundi alifumba macho. "Ni maneno tu, afande. Mtu akikuudhi unasema."

"Alikuudhi nini?"

"Alikuja anapiga kelele kwamba alaimenti yangu imeharibika. Usukani unavuta kushoto, tangu jana yake. Nikamwambia gari limetoka kwenye mashine yangu limenyooka, limetembea miezi yote hiyo halivuti, leo livute ghafla limepatwa na nini? Akanitusi. Nikamtusi. Akasema hana muda wa kubishana, anamtoa mdogo wake mjini." Alimeza mate yaliyochanganyika na damu. "Sikuinama, afande. Ningeinama mara moja tu nikatazama kwa chini, ningeliona. Nilikataa kuinama kwa sababu ya hasira."

Kisiki hakumfariji. Kulikuwa na kazi.

"Doa la njano ni lako?"

"Langu. Gurudumu nikishalifanyia balansi naligusa rangi kwa ndani, nijue limepita mikononi mwangu."

"Uliwahi kushusha gari lingine lenye rimu kama za Pande?"

Fundi alifumbua jicho moja. Lile jingine lilikuwa limevimba na kuziba kabisa.

"Walikuja pamoja, yeye na shemeji yake, enzi wakipendana. Magari ya aina moja, wakachagua rimu za aina moja na matairi ya aina moja, kama mapacha waliovalishwa sare. Nikayashusha yote. Pande akakaa akasubiri nimpimie alaimenti. Mwenzake akakataa. Akasema gari limelala vizuri mno, mashine yangu itamharibia mkao. Nikamwambia, kaka, utakula matairi. Akanijibu kwa ile sauti yake: 'Matairi ni yangu.'"

"Na leo aliposhika kidumu cha petroli, ulimwambia neno?"

"Nilitaka. Ndipo wakanitoa meno."

"Nani alikupiga kwanza?"

"Yeye. Kwa ngumi, mdomoni. Hata sikuwa nimesema jambo."

Kisiki alisimama. Mlangoni Msumari alikuwa akitikisa kichwa. "Alitaka mdomo ufungwe kabla haujafunguka," alinong'ona.

"Na gereji iungue, mashine iungue, na anayejua gari lipi lilipimwa na lipi halikupimwa aungue nayo. Twende juu."

*

Dada wa marehemu alilazwa ghorofa ya pili, mguu umetundikwa kwa kamba, uso umechanwachanwa na vioo. Kisiki hakuutazama uso. Alitazama shingo. Kulikuwa na alama za vidole, zimeshaanza kugeuka kijani na njano; michubuko ya zamani kuliko ajali.

"Hizi si za gari," alisema.

"Hizi ni za nyumbani."

"Nisimulie, mdogo wangu. Polepole."

Mwanamke alitazama dari. Alisimulia bila kulia, kama anayesoma maandishi yaliyoandikwa pale juu. Pande aliwahi kupita nyumbani kwake bila kutoa taarifa, akamkuta mumewe amemlaza kwenye sakafu ya jiko, amemkaba kwa mikono miwili. Pande alimwinua Laini kwa kola kama anayebeba paka, akamtoa nje, akamchapa makofi mbele ya majirani mpaka akajikojolea.

"Kaka akaniambia, chukua nguo zako twende kwa baba. Mume wangu alikuwa amekaa chini, suruali imelowa. Hakumtazama kaka hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi."

"Halafu?"

"Halafu akaja kwa baba kuomba radhi. Alipiga magoti. Baba alifurahi, alimshika mkono akamwinua, akamwita mwanangu. Ndipo akaomba funguo za gari la kaka. Akasema ataliosha kwa mikono yake, iwe ishara kwamba yamekwisha. Alikaa nalo kutwa nzima. Lilirudi linang'aa, mpaka kaka akacheka." Alivuta shuka kifuani. "Afande, mume wangu hajawahi kuosha hata kikombe."

"Alijua mtasafiri?"

"Baba alimwambia. Baba hawezi kuficha kitu akiwa na furaha."

"Na alijua wewe utakuwa ndani?"

"Alijua hata kiti nitakachokaa." Aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza, akamtazama Kisiki machoni. "Leo alikuja hapa kabla ya maziko. Alinishika mkono, akaniuliza kama nakumbuka chochote. Nikamwambia sikumbuki hata jina langu. Akanibusu kwenye paji la uso."

Msumari, aliyekuwa amesimama dirishani, alitoka nje kwenye korido. Walimsikia akiupiga ukuta ngumi moja.

"Sasa yuko wapi?" Kisiki aliuliza.

"Kwa baba. Anawapokea wageni. Nasikia analia kuliko wote."

Kisiki aliweka askari mlangoni mwa wodi kabla ya kushuka ngazi.

*

Uani kwa mzee viti vya plastiki vilikuwa vimejaa. Gari la Laini liliegeshwa kando ya ukuta, limelala chini hivi kwamba paka asingepita uvunguni bila kuinama. Laini mwenyewe alikuwa akizungusha maji ya kunywa, leso mkononi, macho mekundu.

"Afande," alisema. "Umekuja kutuambia ameungama?"

"Nimekuja kuomba msaada. Washa gari lako, ukate usukani kushoto mpaka mwisho. Usilisogeze."

"La nini?"

"Nikuombe tena?"

Wageni waligeuka kwenye viti vyao. Mzee, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na ndugu zake, aliinuka kwa kujishika magoti. "Fanya anachotaka, mwanangu. Tuyamalize."

Laini alitabasamu. Angekataa, wangeuliza kwa nini, na alilijua hilo. Aliingia, akawasha, akazungusha usukani. Magurudumu ya mbele yaligeuka taratibu mpaka matairi yakawageuzia watu uso mzima, wa nje na wa ndani.

"Mzee wangu, njoo," Kisiki alisema. "Chuchumaa hapa. Shika hili la kulia, kwa ndani."

Mzee alishika. "Kipara."

"Limetafunwa kwa sababu gari hili lilishushwa na mwenyewe akakataa kupimiwa alaimenti. Fundi alimwonya. Sasa shika la kushoto."

Mzee alisogea, akashika, akashika tena. "Hili zima."

"Yalinunuliwa siku moja, yakafungwa siku moja, yanatembea gari moja. La kulia limekufa, la kushoto linadunda. Kwa Pande ilikuwa kinyume: la kulia zima, la kushoto limekufa, na waya zake zimekatwa kwa msumeno. Weka kidole hapa ndani kwenye rimu. Unaona rangi hii ya njano?"

"Naiona."

"Ni ya fundi. Anaipaka gurudumu lililopita kwenye mashine yake. Gari hili halijawahi kupita. Gurudumu unaloligusa ni la mwanao, mzee. Magurudumu yalibadilishwa siku ile gari lilipooshwa."

Mzee alibaki amechuchumaa, kiganja juu ya tairi, kama anayempima mtoto homa.

Laini aliingiza gia. Alikanyaga mafuta.

Kisiki alimpiga mzee kumbo, wote wawili wakaanguka pembeni, na bampa likapita pale kilipokuwa kichwa cha mzee. Gari lilijikunja kushoto, likafagia viti, likamkumba Msumari mapajani na kumtupa juu ya boneti, kisha ardhini. Watu walipiga mayowe wakikimbilia ukutani. Laini aliunyoosha usukani akalenga geti. Pale getini palikuwa na kizingiti cha saruji ambacho gari lolote hupanda bila kufikiri. La kwake halikupanda. Tumbo lilikaa juu ya saruji kwa kishindo, magurudumu ya mbele yakabaki yanazunguka hewani, yakilia.

Alitoka na mpini wa jeki. Msumari alikuwa anajiburuta kuelekea kwake, na Laini alimpiga begani mara moja, kwa utulivu, kama anayepigilia. Mfupa ulikatika, wakausikia mpaka ukutani. Kisiki alifika na bastola, lakini nyuma ya Laini kulikuwa na wanawake na watoto waliobanana kwenye kona, akasita. Mpini ulimwangukia kwenye kifundo cha mkono. Bastola iliruka ikapotea chini ya viti.

"Wewe mwanamke," Laini alisema, bado kwa sauti ile ile, "ungetia tu saini."

Aliuinua mpini tena. Kisiki hakurudi nyuma. Alimwingilia ndani, kichwa chake kikamgonga puani, akasikia kitu kikisagika. Damu ya moto ilimmwagikia usoni. Laini alimkaba shingo kwa mikono miwili, vidole gumba vikatafuta koo bila kupapasa, kama vinarudi mahali vilipopazoea. Kisiki aliona weusi ukiingia pembeni mwa macho. Alimkanyaga ugoko kwa kisigino cha buti, akamkanyaga tena hapo hapo, mpaka goti likakunjika vibaya. Walianguka pamoja. Alimgeuza kifudifudi, akampanda mgongoni, akamfunga pingu kwa mkono mmoja na meno.

Hapo ndipo watu walipokuja.

Walikuja wote, wale wale wa gereji na wengine waliojiunga. Teke la kwanza lilimpata Laini mbavuni, la pili likampata Kisiki. Mtu aling'oa mguu wa kiti. Jamaa mnene alikuwa akilia huku akipiga, haoni anampiga nani. Kisiki hakuwa na bastola wala konstebo wa kusimama. Alijilaza juu ya Laini, kifua chake juu ya mgongo wa yule mtu, mikono amefunika kichwa kisicho chake, na akapokea.

Mapigo yalipungua. Mzee alikuwa amefika, ameshika tofali kwa mikono miwili, amelinyanyua juu ya kichwa.

"Toka, mwanangu," alimwambia Kisiki. "Mara hii ndiye."

"Ndiye, mzee."

"Kumbe unajua. Basi toka."

"Sitoki. Lishushe mgongoni kwangu kwanza, halafu utamfikia."

Chini yake Laini alianza kulia, na sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilipanda. "Baba, nisamehe! Baba!"

Tofali lilibaki hewani. Mzee alilitazama.

"Asubuhi nilikuwa na uhakika hivi hivi," alisema, kama anayemweleza mtu ambaye hakuwepo pale. "Hivi hivi kabisa. Sikuwa na shaka hata tone."

Alilisogeza tofali pembeni na kuliachia. Lilianguka kwenye udongo karibu na mguu wake. Jamaa mnene alilitazama, akamtazama mzee, akauangusha mguu wa kiti.

Kisiki alijikongoja akasimama. Mbavu zilimchoma kila alipovuta hewa. Aliiona bastola yake, akaiokota kwa mkono wa kushoto, akaomba mtu mwenye gari amkimbize Msumari hospitali. Watu wawili wakambeba. Laini alimwinua mwenyewe kwa pingu, akamsukumia kiti cha nyuma cha gari la polisi, akafunga mlango na kuugonga kuhakikisha umeshika.

Alipogeuka, mzee alikuwa nyuma yake.

"Vidole vya yule fundi," mzee alisema. "Vitapona?"

"Vingine. Daktari anasema vingine havitakunja tena."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alivua koti lake jeusi, akalikung'uta udongo, akamkabidhi mmoja wa dada zake aliyekuwa amesimama karibu akilia kimya kimya. Kisha akanyoosha mikono mbele, viganja juu, bila kuambiwa.

"Pingu niliyokuwa nayo iko kwa mwenzio," Kisiki alisema. "Kaa mbele, pamoja nami."

Alimfungulia mlango. Mzee aliingia taratibu, akajifunga mkanda, akaiweka mikono yake mapajani kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Nyuma yao Laini alikuwa akipumua kwa mdomo. Hakuna aliyemgeukia.

Kisiki aliwasha gari kwa mkono wake mzima. Walikuwa wameshatoka mtaani, wameingia barabara kubwa, mzee alipozungumza.

"Naomba unipitishe hospitali kwanza. Binti yangu asije akasikia kwa mtu mwingine."

"Kuhusu mumewe? Alijua kabla yetu, mzee."

"Hapana," mzee alisema. "Kuhusu mimi."